Queen: Tubishane, Lakini Tuwe Tumesikiliza

  

Leo nimewaletea ubishi. Si ubishi wa siasa wala wa mpira, ni ubishi wa muziki. Swali lenyewe ni fupi: katika albamu zote za bendi ya Queen ya Uingereza, ipi ndiyo bora? Wapenzi wa muziki wa roki wanalibishania swali hili tangu miaka ya 1970, na mpaka leo ukiwakutanisha mashabiki wawili wa Queen, chai haijapoa wameshaanza kupandishiana sauti.

Pengine utaniuliza, ndugu msikilizaji, Queen inatuhusu nini? Inatuhusu. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946. Jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara. Walikuwa Waparsi, na baba yake alikuwa keshia katika serikali ya kikoloni. Kijana akapelekwa India kusoma shule ya bweni, akarudi Unguja, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia nzima ikahamia Uingereza. Hakuwa mtu wa kusimulia sana habari za utoto wake, na muziki wake aliufanyia huko huko Uingereza. Kwa hiyo sitamlazimisha awe mwanamuziki wa Zanzibar. Tutauzungumza muziki wa Queen kama ulivyo, muziki wa roki wa Kiingereza, ila tutauzungumza tukijua kwamba sauti ile ililia kwa mara ya kwanza katika mji tunaoufahamu.

Kabla hatujaingia ubishini, tuwajue wenyewe. Queen iliundwa London mwaka 1970, na ilikuwa bendi ya watu 4. Freddie Mercury tumeshamtaja, mwimbaji na mpiga piano. Wa pili ni Brian May, mpiga gitaa, aliyekuwa mwanafunzi wa fizikia. Gitaa lake aliliunda mwenyewe nyumbani akisaidiana na baba yake, shingo yake wakaichonga kutokana na ubao wa meko ya kizamani, na nyuzi zake anazipiga kwa sarafu ya peni 6. Wa tatu ni Roger Taylor, mpiga ngoma, mwenye sauti nyembamba iliyokuwa ikipanda juu kuliko za wenzake wote. Wa nne ni John Deacon wa gitaa la besi, mtu mkimya aliyesomea elektroniki, akajiunga mwaka 1971.

Sasa shikeni jambo moja hapa, maana nitalirudia. Wote wanne walikuwa watunzi. Wote! Bohemian Rhapsody ni wa Mercury. We Will Rock You ni wa May. Radio Ga Ga ni wa Taylor. Another One Bites the Dust ni wa Deacon, yule mkimya. Bendi nyingi huwa na mtunzi mmoja, wakizidi sana wawili, na wengine wanapiga wanachoambiwa. Queen ilikuwa na wanne, kila mmoja na ladha yake, na kila mmoja anataka wimbo wake uingie kwenye santuri. Ndiyo maana albamu zao hazifanani, na ndiyo maana mashabiki wao hawaelewani.

Sasa tuje kwenye kikwazo cha kwanza cha ubishi huu. Mwaka 1981 Queen walitoa mkusanyiko wa vibao vyao, ukaitwa Greatest Hits. Mkusanyiko huo ndio albamu iliyouzwa kuliko nyingine yoyote katika historia ya Uingereza. Umepita nakala milioni 7 nchini humo peke yake. Ni jambo la kujivunia, sikatai. Lakini umeleta tatizo. Watu wengi wanaosema wanaijua Queen, wanaijua kupitia mkusanyiko huo. Wanajua vibao, hawazijui albamu. Mtu wa namna hiyo ukimuuliza albamu bora ni ipi, atakutajia ile yenye vibao vingi. Hiyo ni sawa na kumhukumu beki kwa idadi ya magoli aliyofunga.

Albamu ni nini, wasikilizaji? Albamu ni mtiririko. Kuna wimbo unaofungua, kuna unaofuata, kuna mahali unapumzishwa, kuna mahali unashtuliwa. Enzi za santuri kulikuwa na upande wa kwanza na upande wa pili, na mwanamuziki alijua kwamba hapa katikati msikilizaji atainuka, ageuze sahani, airudishe sindano. Wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza ulikuwa na kazi yake, na wa kwanza wa upande wa pili ulikuwa na kazi yake. Basi narudia: tusiihukumu albamu kwa vibao vyake, tuihukumu kwa mtiririko wake. Kwa kipimo hicho, hebu tuzipitie kambi.

Kambi kubwa kuliko zote ni ya A Night at the Opera, ya mwaka 1975. Hawa ukiwagusa tu wanakutajia Bohemian Rhapsody, na haki yao wapewe. Wimbo ule una urefu wa karibu dakika 6, hauna kibwagizo, unaanza kwa sauti tupu za watu, yanafuata maombolezo ya piano, katikati unageuka opera, kisha magitaa yanavuma, halafu unazima taratibu. Kipande cha opera walikiimba watu 3 tu, Mercury, May na Taylor, wakirekodi sauti zao juu ya sauti zao, tena na tena, mpaka wakasikika kama kwaya nzima. Inasimuliwa kwamba kanda ilipitishwa kwenye mashine mara nyingi mno hata ikachakaa, ukiinyanyua kwenye mwanga unaona upande wa pili.

Na hapa sisi watu wa redio tuna sehemu yetu. Wapo walioona wimbo ni mrefu mno, hakuna kituo kitakachoupiga. Mtangazaji mmoja wa Capital Radio ya London, Kenny Everett, akapata nakala, akaupiga hewani. Akaupiga tena. Akaupiga tena na tena mwisho wa wiki ile ile, wasikilizaji wakaanza kuuliza madukani. Ulipotoka ukakaa kileleni mwa chati ya Uingereza kwa wiki 9.

Lakini albamu ile si wimbo mmoja. Kuna wimbo wa May unaoitwa '39, unapigwa kwa gitaa la kawaida lisilo la umeme, na ukiusikia hivi hivi utadhani ni wimbo wa mabaharia wa zamani. Sikiliza vizuri. Ni hadithi ya watu waliosafiri angani. Kwao wao umepita mwaka mmoja, na waliporudi wakakuta waliowaacha nyumbani wamezeeka na kufa. Hiyo ni fizikia, wasikilizaji, imetiwa ndani ya wimbo wa huzuni, na ameiandika mtu aliyeisomea kweli. Mwaka 2007 Brian May alikamilisha shahada yake ya uzamivu katika elimu ya anga. Kuna You're My Best Friend, Deacon alimtungia mke wake. Kuna The Prophet's Song, wa zaidi ya dakika 8, ambapo sauti ya Mercury inajiitikia yenyewe bila ala yoyote. Kuna Good Company, ambamo May ameiga bendi nzima ya jazi, tarumbeta na zote, kwa gitaa lake peke yake.

Sasa kwa nini siiweki ya kwanza? Kwa sababu moja. Bohemian Rhapsody uko karibu na mwisho, na ni mkubwa mno. Msikilizaji anazisikiliza nyimbo 10 za mwanzo huku akiungojea mmoja. Kubwa lile limewala wenzake. Mwulize shabiki wa kambi hii akuimbie Sweet Lady, uone kama ataupata. Ni albamu yenye wimbo mkuu kuliko wote wa Queen. Kwamba ndiyo albamu kuu kuliko zote, hilo ni jambo jingine, na wengi wanalichanganya.

Tuje kwenye kambi ya pili, ndogo, lakini yenye watu wakali. Hawa ni watu wa Queen II, iliyotoka Machi 1974. Ukikaa nao usiku mzima hawachoki. Santuri ile haikuwa na upande A na upande B. Ilikuwa na Upande Mweupe na Upande Mweusi. Mweupe karibu wote ni wa May, na wimbo mmoja wa Taylor. Mweusi wote ni wa Mercury, mwanzo hadi mwisho. Nyimbo za Upande Mweusi zinapokezana, huu haujaisha vizuri mwenzake ameshaingia, na ndani yake mna majini, malkia, wafalme na vibwengo. Wimbo mmoja, The Fairy Feller's Master-Stroke, Mercury aliutunga kutokana na mchoro wa Richard Dadd, mchoraji wa Kiingereza wa karne ya 19, mchoro uliojaa watu wadogo wadogo kwenye nyasi. Mercury alisomea usanifu wa michoro pale Ealing, na jicho lake hilo linasikika katika wimbo: kila pembe kuna mtu anafanya jambo lake.

Hata picha ya jalada ina habari yake. Nyuso nne gizani, mikono ya Mercury imekingamana kifuani, mwanga unatoka juu. Aliipiga Mick Rock, na mwaka uliofuata picha ile ile ikafufuliwa katika filamu fupi ya wimbo wa Bohemian Rhapsody iliyoonyeshwa kwenye televisheni. Wengi wanaijua picha, hawajui ilitoka wapi. Ilitoka Queen II.

Nawaheshimu sana watu wa kambi hii, maana wao wanaelewa mtiririko. Upande Mweusi ni mtiririko ulioje! Lakini niseme ukweli wangu. Ile ni santuri ya watu wawili. Deacon hana wimbo hata mmoja. May yuko upande wake, Mercury upande wake, ni nyumba mbili zimepewa jalada moja. Nilisema mwanzo tushike kwamba Queen ni watunzi wanne. Queen II ni kazi bora ya Mercury pengine, lakini si kazi bora ya Queen.

Kambi zinazofuata nitazipitia haraka, wenyewe mnisamehe. Kuna watu wa News of the World ya 1977. Albamu hiyo inafunguliwa na We Will Rock You na We Are the Champions, na hakuna kiwanja cha mpira duniani kisichozijua. Queen walikuwa wameona kwamba watazamaji wao wanaimba pamoja nao, wimbo mzima, bila kuombwa. May akaona basi tuwaandikie wimbo ambao ala yao ni miguu na viganja. Ndiyo maana karibu wimbo wote wa kwanza husikii ngoma ya Taylor wala besi ya Deacon. Ni vishindo vya miguu kwenye mbao na makofi, mpaka gitaa linapoingia mwishoni. Ni kazi ya akili sana. Ila baada ya nyimbo hizo mbili, nguvu inashuka. Spread Your Wings wa Deacon ni mzuri, It's Late ni mzuri, lakini mtiririko umekatika.

Kuna watu wa Jazz ya 1978, ambayo pamoja na jina lake si muziki wa jazi. Inafunguliwa na wimbo uitwao Mustapha, wenye mwito ambao msikilizaji wa pwani akiusikia lazima ageuze shingo. Uchangamfu upo, Don't Stop Me Now umo humo. Albamu nzima inayumba.

Kisha kuna ugomvi wa mwaka 1980. Katika miaka ya 1970 Queen walikuwa wakiandika kwenye baadhi ya majalada yao kwamba humu hakuna sinthesaiza, yaani vile vinanda vya umeme vinavyotengeneza sauti za kila namna. Walitaka watu wajue kwamba kila unachokisikia, hata kikikushangaza, ni gitaa na sauti za watu. Ilipotoka The Game mwaka 1980, sinthesaiza ikaingia. Wazee wa kambi za mwanzo wakanuna, lakini Marekani ikawapokea kwa mikono miwili. Ndiyo albamu yao pekee iliyofika namba 1 kule, na besi ya Deacon katika Another One Bites the Dust ikachezwa mpaka na watu wasiojua roki ni nini. Miaka 2 baadaye wakaenda mbali zaidi na Hot Space, wakapiga muziki wa disko, na mashabiki wakagawanyika vibaya. Mpaka leo ukiitaka vita, taja Hot Space. Mimi nasema wapewe haki yao: bendi inayoogopa mashabiki wake imekufa. Ila ukiutoa Under Pressure, waliourekodi na David Bowie, sioni cha kuipandisha albamu hiyo juu.

Naona nisimame kidogo kwenye The Works ya 1984, kwa ajili ya wimbo mmoja. Radio Ga Ga, Taylor aliuandika katika siku ambazo video zilikuwa zimeanza kuufunika muziki, na moyoni mwake ni wimbo wa kuishukuru redio, ile redio ya kijana aliyekaa peke yake usiku, akiwaza kama siku za redio hiyo zimekwisha. Sisi tulio nyuma ya maikrofoni tunaupokea kwa mikono miwili. Albamu hiyo hiyo ina I Want to Break Free wa Deacon, ambao wapinzani wa ubaguzi wa rangi Afrika Kusini waliufanya wimbo wao. Na mwaka huo huo Queen wakaenda kupiga Sun City, katika Afrika Kusini ya ubaguzi, wakati wanamuziki wengi wa dunia walikuwa wamegoma kwenda huko. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kikawatoza faini, na Umoja wa Mataifa ukawaweka kwenye orodha ya waliovunja mgomo. Mimi ni mpenzi wa bendi hii, lakini sitalifunika hilo. Walikosea, na watu wa bara hili wana haki ya kulikumbuka.

Wengine watanitajia Live Aid, tarehe 13 Julai 1985, uwanja wa Wembley, tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia. Dakika 20 hivi za Queen siku ile zimesifiwa kuliko tamasha lolote la roki. Kweli. Lakini leo tunazungumzia albamu, na jukwaa ni shauri jingine.

Sasa tufike pagumu. Kambi ya Innuendo.

Innuendo ilitoka Februari 1991. Freddie Mercury alifariki tarehe 24 Novemba mwaka huo huo, akiwa na miaka 45, siku moja tu baada ya kuutangazia ulimwengu kwamba ana ugonjwa wa ukimwi. Wenzake walikuwa wanajua. Walimwona anavyokonda, anavyochoka, na kila akipata nguvu anarudi studio. Brian May amesimulia kuhusu The Show Must Go On: alikuwa na wasiwasi kama Freddie ataweza kuzifikia noti zile za juu. Freddie akanywa vodka, akasimama, akauimba. Sikilizeni sauti ile, wasikilizaji. Si sauti ya mgonjwa anayehurumiwa. Ni sauti ya mtu aliyeamua.

Watu wa kambi hii huwa hawabishani kwa kelele. Wanakwambia tu: isikilize. Na mimi huwa nakosa la kusema kwa muda. Wimbo unaoipa albamu jina lake ni mkubwa, katikati yake linaingia gitaa la Kihispania lililopigwa na Steve Howe wa bendi ya Yes, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi unawasikia wanathubutu kama walivyothubutu ujanani. These Are the Days of Our Lives wa Taylor, mimi binafsi siwezi kuusikiliza huku nafanya jambo jingine. Ila kuna nyimbo za katikati, Delilah kwa mfano, ambazo lau si huzuni tusingezitetea hivi. Naiweka Innuendo juu, juu sana. Siiweki ya kwanza.

Na hapa niongeze jambo ambalo wengi hawalijui. Kuanzia albamu ya The Miracle, 1989, nyimbo za Queen ziliandikwa kwa jina la wote wanne. Kabla ya hapo karibu kila wimbo ulikuwa na mwenyewe, na mwenye wimbo ndiye aliyelipwa haki ya utunzi. Mwaka 1975 Bohemian Rhapsody ulipotoka kwenye santuri ndogo, upande wa nyuma uliwekwa I'm in Love with My Car wa Taylor. Kila santuri iliyouzwa kwa sababu ya Bohemian Rhapsody ilimlipa Taylor sawa na Mercury. Unadhani hilo lilipita kimya? Liliwagombanisha kwa miaka. Kwa hiyo mkisikia mashabiki wanagombea wimbo gani uingie na upi utoke, jueni wenyewe waligombana kwanza.

Haya, mpenzi msikilizaji, sasa ni zamu yangu. Nimezipima za wenzangu, na mimi nipimwe.

Albamu yangu ni Sheer Heart Attack, ya Novemba 1974. Ilitoka mwaka ule ule wa Queen II, miezi 8 tu baadaye. Na tazameni ilivyozaliwa. Queen walikwenda Marekani kuisindikiza bendi ya Mott the Hoople. Katikati ya safari Brian May akaugua homa ya ini, wakalazimika kurudi nyumbani. Akapata nafuu, wakaingia studio, akaugua tena, mara hii vidonda vya tumbo, akalazwa. Bendi ya magitaa haina mpiga gitaa. Wangeweza kungoja. Hawakungoja. Watatu wakaendelea kurekodi, wakaacha nafasi tupu ndani ya nyimbo, mahali ambapo gitaa litakuja kukaa mwenyewe akipona. May kitandani anaandika Now I'm Here, wimbo wa kukumbuka safari ile iliyokatika. Akapona, akarudi, akazijaza nafasi.

Nadhani ndiyo siri ya albamu hii. Zile nafasi tupu ziliwafundisha kubana matumizi. Queen II imejaa mpaka juu, hakuna pa kupenyeza sindano. Sheer Heart Attack ina hewa. Nyimbo 13 katika dakika zisizofika 40. Dear Friends unachukua zaidi kidogo ya dakika moja, piano na sauti, basi, umekwisha, na umekugusa. Hakuna aliyerefusha ili kuonyesha kwamba anaweza.

Na wote wanne wamo! Narudi kwenye lile nililowaambia mlishike. Misfire ndio wimbo wa kwanza kabisa wa John Deacon kwenye santuri ya Queen, mfupi, mchangamfu. Taylor ana Tenement Funster, anauimba kwa sauti yake ya kukwaruza. May ana Brighton Rock. Mercury ana Killer Queen, uliofika namba 2 Uingereza na kuwafungulia dunia. Na Stone Cold Crazy ni wimbo wa kwanza kuandikwa kwa majina ya wote wanne, mkali, wa mbio, kiasi kwamba bendi ya Metallica ilipokuja kuurudia, mwaka 1991 wakapata tuzo ya Grammy kwa huo.

Hebu tukae kidogo kwenye Brighton Rock, unaofungua. Katikati wenzake wanamwachia May. Anapiga sentensi ya gitaa. Mashine ya mwangwi inamrudishia ile ile baada ya kitambo. Yeye ameshaanza nyingine, na hizo mbili zinakutana na kukubaliana. Anasikika kama watu wawili wanaofukuzana. Kila noti ya sasa lazima ipatane na noti iliyopita, ile ambayo mwangwi unairudisha. Mpiga gitaa anayenisikiliza sasa hivi, jaribu, utajua ugumu wake.

Kisha, upande huo huo wa kwanza, kuna mahali ambapo mimi nikiulizwa albamu ni nini huwa naelekeza hapo. Nyimbo 3 zimefungwa pamoja bila kituo: Tenement Funster wa Taylor, Flick of the Wrist na Lily of the Valley wa Mercury. Wa kwanza ni wa kijana mwenye majigambo ya mtaani. Unamwagikia ndani ya wa pili, ambao ni hasira tupu juu ya wanyonyaji wa wanamuziki. Hasira inafika kileleni, na ghafla, bila hata pumzi, piano laini: Lily of the Valley, sauti ya mtu mpweke. Majigambo, hasira, upweke, ndani ya dakika 8 hivi. Hakuna hata mmoja kati ya nyimbo hizo tatu uliomo katika Greatest Hits. Mnaona sasa kwa nini nilianza na lile la vibao?

Watanijibu kwamba haina Bohemian Rhapsody. Kweli, haina. Lakini bila Sheer Heart Attack usingekuwepo. Ni hapa walipojifunza kuweka wimbo wa kizamani wa majumba ya starehe kando ya roki kali, ukulele kando ya gitaa la umeme, na msikilizaji asipotee njia. A Night at the Opera iliyapanua mambo hayo. Sheer Heart Attack iliyaweka sawa.

Muda wetu unakimbia, kwa hiyo nawaachia kazi. Itafuteni Sheer Heart Attack, wimbo wa kwanza hadi wa 13, kwa mpangilio ule ule waliouweka wenyewe. Simu ikiwa inachanganya nyimbo, izimeni hali hiyo. Kisha fanyeni vivyo hivyo kwa Queen II na kwa Innuendo. Halafu tuandikieni. Tuambieni yenu ni ipi, na mtaje upande wa santuri na mahali penyewe palipowashinda nguvu, siyo jina la albamu tu. Tutazisoma barua zenu hapa hapa, na za kunipinga nitaanza nazo.

Yangu nimeshaiweka mezani: Sheer Heart Attack, 1974.